Sifa za Mkono Ufunguao Mshipa Mkuu

Miongoni mwa kazi za mikono zinazostahili kuenziwa, ni chache zinazodai utulivu na utaratibu kama upasuaji wa saratani ya figo iliyokwisha kuingia katika mishipa mikubwa ya damu. Kwa wagonjwa kati ya 4 na 10 katika kila 100 wenye saratani hiyo, uvimbe hauishii kwenye figo, bali hupenya katika mshipa unaotoa damu kwenye figo na kuingia katika mshipa mkuu wa chini, yaani ule unaorudisha moyoni damu ya miguu na tumbo, ukikua humo kama mzizi unaofuata mfereji wa maji. Sehemu hiyo huitwa donge la uvimbe, na urefu wake ndio unaoamua njia ya mpasuaji.

Mgawanyo wa ngazi uliochapishwa mwaka 1987 na madaktari wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani ungali ukitumika: donge huweza kuishia karibu na mlango wa mshipa wa figo, kupanda hadi chini ya ini, kujificha nyuma ya ini, au kuvuka kiwambo, msuli unaotenga tumbo na kifua, likafika ndani ya moyo. La chini hutolewa kupitia tumbo peke yake. La nyuma ya ini hudai ini liinuliwe kutoka mahali pake, kwa mbinu zilizojifunzwa kwa wapandikizaji wa ini. Na la moyoni mara nyingi hudai kifua kifunguliwe na damu izungushwe na mashine, pengine mwili ukipozwa hadi karibu nyuzi 18 za Selsiasi ili mzunguko wa damu usimamishwe kwa muda.

Uzuri wa ufundi huu huanza kuonekana kabla kisu hakijaugusa mshipa mkuu. Ateri, yaani mshipa upelekao damu kwenye figo, hufungwa kwanza, ili uvimbe ukose damu na vijishipa vilivyotuna kuuzunguka vinywee. Kisha mpasuaji huupapasa mshipa mkuu kwa ncha za vidole, akitafuta mahali donge linapoishia, kwa wepesi wa mtu ajuaye kwamba kipande kikikatika kitachukuliwa na damu hadi kwenye mapafu na kuweza kumuua mgonjwa palepale mezani. Ndipo tepu laini huzungushwa chini ya donge, kwenye mshipa wa figo ya pili, na juu ya ncha ya donge, huku daktari wa usingizi akiarifiwa kabla ya kila moja kukazwa, kwa sababu damu inayorudi moyoni itapungua ghafla.

Ukuta wa mshipa unapopasuliwa, donge lisiloshikamana nao huteleza likatoka zima pamoja na figo, na nafasi iliyobaki huoshwa na kukaguliwa, kwani pale donge lilipoota mizizi ukuta wenyewe hulazimika kukatwa. Mshono hupigwa kwa uzi mwembamba usiooza mwilini, lakini fundo la mwisho halikazwi mpaka tepu ya chini ilegezwe kidogo, damu ipande na kusukuma nje hewa na mabaki ya mabonge. Kitendo hicho cha muda mfupi hakionekani katika picha yoyote ya hospitali, nacho ndicho kinachomtofautisha fundi na mwenye haraka.

Mpasuaji Gustav Simon aliondoa figo kwa upasuaji uliopangwa huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1869, na mpasuaji Robson wa Toronto akasisitiza mwaka 1963 kwamba mishipa ifungwe mapema. Tangu hapo maarifa yamepita kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi aliyesimama upande wa pili wa meza. Hatari ya kufa huongezeka kadiri donge linavyopanda, hata hivyo takriban nusu ya wanaopasuliwa kabla saratani haijasambaa huwa hai baada ya miaka 5, ilhali wasiotibiwa wengi hawamalizi mwaka.

Lakini kwa mkazi wa Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, ufundi huo uko mbali, wala si kwa kilomita tu. Hospitali Teule ya wilaya humpeleka hospitali ya Bombo, mjini Tanga, na kutoka hapo hubaki hospitali kubwa za rufaa: KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, au Muhimbili ya Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko jirani. Tena, katika ukanda huu wa kichocho, mkojo wa damu hudhaniwa kuwa kichocho, dawa hutolewa, damu hukoma kwa muda, jambo linaloweza kutokea lenyewe hata kwenye saratani, na hakuna anayeuliza tena. Zamani mganga wa zahanati alimlaza mgonjwa na kulipapasa tumbo lake; siku hizi mkono umeiachia nafasi karatasi ya maabara, na mgonjwa hufika hospitali ya rufaa donge likiwa limekwisha kupanda, wakati mwingine asibakiwe na msaada isipokuwa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu. Inasikitisha kwamba ufundi uliochukua zaidi ya karne kukomaa hushindwa kwa kukosa swali la pili, wakati mtu mzima ambaye damu imerudi kwenye mkojo wake baada ya dawa angehitaji tu ultrasaundi ya figo ili aufikie mkono huo mapema.