Nzi wa Mistari Myeupe: Jina Likome Ushahidi Unapokoma

Nzi mdogo wa takriban milimita tatu, mwenye macho mekundu, mwili wa rangi ya kahawia na mistari myeupe yenye kingo nyeusi inayotoka kichwani hadi mwisho wa kifua, ni mgeni wa kawaida kwenye bakuli la matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mistari hiyo humtenga na Drosophila melanogaster, nzi wa matunda aliyezoeleka zaidi, na kumwingiza katika jenasi ya Zaprionus, ambayo asili yake kubwa ni Afrika. Wengi wakifika hapo huharakisha hatua moja zaidi na kuandika Zaprionus indianus, kwa kuwa ndiye anayejulikana sana. Haraka hiyo ndiyo inayoharibu kumbukumbu. Jina linapaswa kukoma pale ushahidi unapokoma, na aliyeandika “Zaprionus, spishi haijulikani” amefanya kazi kamili.

Ushahidi wenyewe hukusanywa kwa hatua. Picha ya mgongoni huonyesha mistari, lakini alama zinazotenga spishi nyingi ziko upande wa chini wa paja la mguu wa mbele: Z. indianus ana safu ya miiba yenye vitawi, ilhali Z. tuberculatus ana kinundu kinachobeba mwiba. Kwa hiyo picha ya ubavuni na ya miguu ni ya lazima, na nzi mwenyewe ahifadhiwe kama kielelezo ndani ya kichupa cha alkoholi ili aweze kutazamwa kwa hadubini. Hata hadubini ina mpaka wake. Mwaka 2008 mtafiti Amir Yassin na wenzake walionyesha kwa vipimo vya DNA kwamba ndani ya kundi lililoitwa Z. indianus barani Afrika kulikuwa na spishi nyingine mbili zilizofichika, Z. africanus na Z. gabonicus. Ndiyo maana picha moja iliyopigwa Kampala haiwezi kubeba jina ambalo huenda ingelibeba kwa usalama zaidi ikipigwa nje ya Afrika, kwa mfano Florida, alikoonekana Z. indianus mwaka 2005.

Atakayepinga atasema kwamba programu za simu hutaja spishi papo hapo, na kwamba kumbukumbu isiyo na jina la spishi haimfai mtafiti. Programu hulinganisha picha mpya na picha ambazo watu walikwisha kuzipa majina. Majina hayo yakiwa yametolewa kwa mazoea, programu nazo zitarudia mazoea yale yale. Brazili inatoa funzo zito zaidi. Z. indianus aligunduliwa huko mwaka 1999 na akashambulia mashamba ya tini katika jimbo la São Paulo. Miaka mingi baadaye Z. tuberculatus naye akapatikana nchini humo. Mahali ambapo kila nzi wa mistari myeupe huitwa indianus bila kukaguliwa paja, mgeni wa pili anaweza kuishi chini ya jina la wa kwanza. Jina pungufu lenye kielelezo hukamilishwa kesho, lakini jina la kubahatisha lisilo na kielelezo halina wa kulisahihisha.

Wapo pia wanaoona kwamba nzi anayeonekana nyumbani hana jipya la kumfunza yeyote. Los Angeles imekwisha kulijibu hilo: mitego iliyowekwa hasa kwenye nyua za nyumba za watu ilizaa spishi 30 mpya za nzi wa jenasi ya Megaselia, zilizochapishwa mwaka 2015 na watafiti Emily Hartop, Brian Brown na Henry Disney. Afrika Mashariki, iliyo ndani ya bara la asili la Zaprionus, ina sababu kubwa zaidi ya kuangalia. Kumbukumbu yenye thamani itaje tarehe, mahali, tunda alilokutwa nalo, alama zilizoonekana na zile ambazo hazikuonekana, pamoja na kielelezo kilipohifadhiwa. Mambo hayo yakiwepo, mtaalamu yeyote anaweza kuendeleza utambuzi kutoka pale ulipoachwa, bila kulazimika kuamini neno la aliyetangulia.