Sufuria, Marejesho na Kodi ya Fremu: Hesabu ya Kufungua Biashara Mwanza Mwaka 2020

Kwa wafanyabiashara wengi wa Mwanza, korona ilifika kama bei kabla haijafika kama ugonjwa. Mwishoni mwa Januari 2020, China ilipofunga miji yake baada ya mlipuko wa Wuhan, soko la mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, lilitikisika kwanza, kwa kuwa wanunuzi wakubwa wa mabondo ya sangara wako China na Hong Kong. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa na Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, tarehe 16 Machi, tena Arusha. Kufikia hapo ndege za kwenda Ulaya zilikuwa zinapungua, na minofu ya sangara haina njia nyingine ya kufika huko ikiwa mibichi. Kiwanda kikipunguza uchakataji, mapanki, yaani mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kutolewa, nayo yanapungua, na anayekaanga mapanki anakosa mali. Wapagazi wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wakikosa kazi, mama lishe aliyekuwa akiwalisha anabaki na ugali. Kwa hiyo swali la kufunga au kufungua lilipofika kwenye meza ya mama lishe wa mwalo wa Kirumba, lilikuwa limeshapita mikono mitano.

Ziwa hili lilikuwa limeonja hali hiyo zamani. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu, na 1999 ukazuia tena samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Lakini safari zile mlango uliofungwa ulikuwa wa mnunuzi wa mbali. Mwaka 2020 mlango wa kufikiria ulikuwa wa mtu mwenyewe.

Na hapa ndipo Mwanza ilipotofautiana na majirani zake wa ziwa. Rwanda ilifunga shughuli zisizo za lazima tarehe 21 Machi. Kenya ikaweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia 27 Machi. Uganda iliacha masoko ya chakula yaendelee, ila wauzaji wakaagizwa walale humohumo sokoni. Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza tarehe 17 Machi kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa michezo na mikusanyiko. Siku iliyofuata vyuo vikafuata. Daladala na mabasi yakaambiwa yabebe leveli siti, yaani abiria waliokaa tu. Masoko, migahawa, saluni na maduka hayakuguswa, mradi kuwe na ndoo ya koki na sabuni mlangoni. Uamuzi ukaachwa kwa mwenye fremu. Wengi wameusifu uhuru huo na wengi wameulaani. Ninachotaka kuonyesha ni hesabu iliyokuwa ndani yake, maana ilikuwa hesabu ngumu kuliko inavyodhaniwa, na walioifanya ni watu ambao hakuna aliyewafundisha.

Vitabu vya biashara vina kanuni moja rahisi: kama mauzo ya siku yanalipa gharama zinazotokana na kufungua siku hiyo, na yanabakiza chochote, fungua, kama hayalipi, funga. Gharama ambazo zipo hata ukifunga zisikushughulishe. Kanuni ni sahihi. Kinachosumbua ni kujua gharama ipi iko upande gani, na Mwanza mpangilio wake si ule wa vitabuni. Kodi ya fremu hailipwi kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima mkononi, kwa hiyo aliyelipa miezi sita Januari alikuwa na fremu ya bure hadi Juni, afungue asifungue. Umeme ni wa LUKU, wa kulipia kabla, ukizima hudaiwi. Wasaidizi wanalipwa posho ya siku. Kinachokimbia bila kusimama ni marejesho ya mkopo, kila wiki, pamoja na chakula cha nyumbani, ambacho hutoka kwenye mtaji uleule.

Tuchukue mgahawa wa mfano karibu na mwalo. Tarakimu nimezitunga mimi, ila mpangilio wake ni ule ambao mama lishe yeyote ataukubali. Kabla ya korona anauza sahani 80 kwa siku, sahani shilingi 2,500. Samaki, unga, mafuta na mkaa vinamla 1,600 kwa sahani, anabaki na 900. Ana wasaidizi wawili wa 8,000 kila mmoja, na 4,000 za maji, ushuru na vijigharama. Kwa siku anabakiza 52,000. Kwa wiki ya siku sita, 312,000. Marejesho ni 45,000 kwa wiki, nyumbani panatumika 105,000. Inayobaki inaingia kwenye kikoba na kwenye akiba ya kodi ijayo. Mtaji wake wa mzunguko ni 400,000.

Aprili inafika, sahani zinashuka hadi 30. Faida ya sahani ni 27,000, akitoa posho na vijigharama anabaki na 7,000 kwa siku, yaani 42,000 kwa wiki. Hazitoshi hata marejesho. Akijumlisha nyumbani, mtaji unapungua kwa 108,000 kila wiki. Anaona anakula mtaji, na jirani anamshauri afunge. Lakini akifunga, marejesho na nyumbani havifungi: mtaji unapungua kwa 150,000. Kufungua, hata kwa hasara, kunamwokolea 42,000 kila wiki. Mpaka hapo kanuni ya vitabu inasema fungua, na wengi walifungua bila kuhitaji kitabu.

Sasa tazama sufuria. Hesabu hiyo inadai kwamba kilichopikwa chote kimeuzwa. Aliyezoea sahani 80 hajui kwa hakika kesho watakuja 30 au 20, na anaogopa mteja akija akute chakula kimekwisha. Anapika 40. Sahani 10 zinalala. Ugali haurudi kuwa unga, na samaki aliyeungwa jana hauziki kesho. Sahani hizo 10 ni 16,000 za mtaji zilizomwagwa, na zinageuza ile 7,000 ya faida kuwa hasara ya 9,000 kwa siku. Mwisho wa wiki mtaji umepungua kwa 204,000. Mtu huyu angekaa nyumbani angeumia kidogo kuliko hivyo. Kwa mtaji wa 400,000, aliyefunga angedumu wiki mbili na nusu. Aliyefungua huku akipika 40 asingefika hata wiki mbili. Jibu zima limegeuzwa na sahani 10.

Ndiyo maana nasema waliokosea Mwanza hawakuwa waliofungua wala waliofunga. Ni waliofungua kama zamani: sufuria ileile, saa zilezile, idadi ileile ya watu jikoni. Waliofaulu walifungua biashara ndogo ndani ya biashara yao kubwa. Mama lishe wetu akifungua saa ya mchana tu, akachukua oda kwa simu asubuhi kabla hajaenda kununua samaki, akapika 30 na zikaisha, akabaki na msaidizi mmoja na vijigharama vya 3,000, anabakiza 16,000 kwa siku. Mtaji sasa unapungua kwa 54,000 kwa wiki, na wiki zake zinakuwa saba. Ile 8,000 ya msaidizi wa pili isipite hivihivi, maana kwenye daftari ni mstari mmoja uliofutwa, lakini kwake ndiyo chakula cha jioni. Kuwapa wawili zamu za siku tatu tatu kunamgharimu mama lishe kiasi kilekile, na kunawaacha wote wawili na kitu. Ningekuwa mshauri wake ningelisema hilo kabla ya yote.

Si kila biashara ilikuwa na sufuria. Pale Malimbe, nje ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kulikuwa na steshenari na vibanda vya chipsi vilivyoishi kwa wanafunzi peke yao. Vyuo vilipofungwa 18 Machi, mauzo yalikwenda karibu na sifuri, na karatasi haziozi. Kwa steshenari kufunga kulikuwa sahihi, na kazi ilibaki kulinda mashine na kusubiri. Vyuo vilifunguliwa 1 Juni. Muuza chipsi alikuwa na nafasi ya kuhama, kwa sababu jiko lake linabebeka.

Dagaa na kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ni habari nyingine kabisa. Mali hii ikikauka vizuri inakaa, kwa hiyo mfanyabiashara wa mwaloni Kirumba aliweza kufunga kwa kuhifadhi. Mwishoni mwa Aprili, Rwanda ilipotaka malori yabadilishe madereva au mizigo pale Rusumo, njia ya kupeleka mzigo Rwanda na Kongo ikawa ndefu na ghali, hadi mawaziri wa nchi mbili walipoelewana katikati ya Mei. Mwenye mtaji wake mwenyewe aliweza kungoja. Mwenye mali kauli hakuweza, maana aliyempa mali anataka fedha yake tarehe waliyokubaliana. Tena masika ya mwaka huo yalikuwa makali. Kichanja cha dagaa hakikauki chini ya mvua, na Mei ziwa lilipanda hadi kina ambacho kilikuwa hakijawahi kurekodiwa, likapita hata rekodi ya 1964. Kuna mabanda ya pwani ya ziwa yaliyofungwa na maji, na korona haikuhusika. Mtu anayechambua kufungwa kwa biashara za mwambao mwaka ule bila kulitaja ziwa anakosa nusu ya sababu.

Nimechelewa kufika kwenye afya, na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu sehemu hii haihesabiki kwa shilingi na bado ilipaswa kuingia kwenye hesabu. Mama lishe angeweza kujiuliza mambo ya wazi: anayepika ana umri gani, ana kisukari au presha, wateja wanakaa kwenye banda linalopitisha upepo wa ziwa au chumba chenye dirisha moja, wanakaa kwa dakika 15 au wanashinda hapo na chupa. Kwa kipimo hicho banda la wazi la Kirumba lilikuwa salama kuliko baa ya ndani au saluni yenye kiyoyozi, ingawa mwaka ule macho yote yalikuwa kwenye ndoo ya maji. Na kuna jambo ambalo wengi hawakuliona: mauzo yakishashuka kutoka sahani 80 hadi 30, kuondoa nusu ya mabenchi hakugharimu chochote. Usalama huwa rahisi zaidi wakati wateja ni wachache. Aliyeacha mabenchi yamebanana kwa sahani 30 aliwahatarisha watu bure.

Lakini mstari mmoja wa hesabu hii ulikuwa mtupu, na haukuwa wake kuujaza. Takwimu za mwisho za taifa, mwanzoni mwa Mei 2020, zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo tarakimu zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Mwenye mgahawa Mwanza hakuwa na namna ya kujua kama wodi za hospitali za Bugando au Sekou Toure zinajaa au zinapungua, isipokuwa kwa kusikia misiba na minong'ono. Wateja wake nao hivyohivyo. Hili naliona kosa kubwa kwa mfanyabiashara mdogo, hata tukiweka siasa pembeni. Takwimu za wagonjwa ni taarifa za soko. Zinamwambia apike sahani 30 au 50, amrudishe msaidizi wa pili au bado, amwambie mama yake mzazi aache kuja jikoni wiki hii. Bila hizo aliongozwa na hofu ilipozidi, au na matumaini yalipozidi. Mwanzoni mwa 2021, wimbi la korona lilipopanda tena, watu walilisoma kwenye habari za misiba ya watu wanaojulikana. Kwa mpishi anayesimama kwa saa nane mbele ya wageni, habari hizo zinafika zimechelewa.

Kibarua cha mwisho ni marejesho. Tarehe 12 Mei 2020 Benki Kuu ilishusha riba inayotoza mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, ikapunguza amana ambazo mabenki hulazimika kuiwekea kutoka asilimia 7 hadi 6, ikaruhusu miamala ya simu hadi shilingi milioni 5 kwa siku kutoka milioni 3, na ikayataka mabenki yajadiliane na wakopaji walioathirika ili kupanga upya mikopo. Hatua nzuri, na ile ya simu iliwafaa wengi. Ila mkopo wa mama lishe hauko benki. Uko kwenye kikundi au kwa mkopeshaji mdogo, na wengine wako kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilikuwa imeshawapanga watoaji wa mikopo katika madaraja manne, vikundi vya kijamii vikiwa daraja la nne, kwa hiyo serikali ilijua walipo.

Rudi kwenye mfano uone uzito wake. Mama lishe aliyepunguza sufuria anapoteza 54,000 kwa wiki. Msimamishie marejesho ya 45,000 kwa miezi mitatu, hasara inakuwa 9,000, na mtaji wa 400,000 unavuka miezi hiyo mitatu bila shida. Hakuna ruzuku hapo, mkopo wote utalipwa, umechelewa tu. Benki ya Dunia ilikadiria baadaye kwamba watu milioni 2.2 wa sekta isiyo rasmi nje ya kilimo walipata pigo la kipato mwaka ule. Wengi wao, naamini, walikuwa na daftari la marejesho kama hilo.

Kisha Juni ikaisha na kodi ya fremu ikaisha nayo. Hapo ndipo swali lilipoanza upya, kwa sababu fremu ya bure haikuwepo tena na mwenye nyumba alitaka 720,000 ya miezi sita kutoka kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni chini ya hapo. Shule zilifunguliwa 29 Juni, wateja wakaanza kurudi, na wapo waliofunga wiki hiyohiyo. Mwenye nyumba aliyekubali kupokea 120,000 ya mwezi mmoja alibaki na mpangaji.