Majalada ya Wadachi na Mafundisho ya Vita vya Maji Maji

Siku hizi walimu wa historia wahimizwa kufundisha kwa hati za asili badala ya kutegemea vitabu vya muhtasari. Shauri hili ni jema, wala si geni kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Lililo jipya ni kwamba majalada ya Idara ya Makoloni ya Wadachi, yanayohifadhiwa Berlin katika fungu liitwalo R 1001, yamepigwa picha na kuwekwa katika intaneti. Mwalimu aliyeko Songea aweza kuyafungua bila nauli wala ada. Hii ni neema, nami siikatai. Nakusudia kuonyesha tu kwamba apokeaye neema hii asiyapime maneno yake, atawapoteza wanafunzi wake.

Jambo la kwanza ni jina la tukio lenyewe. Katika majalada hayo vita vya 1905 hadi 1907 huitwa *Aufstand*, yaani maasi. Gavana von Götzen alilitia neno hilo hata katika jina la kitabu chake cha mwaka 1909. Lakini mtu haasi ila yule aliyekwisha kumtii kwa haki. Basi neno hilo moja limekwisha kukata hukumu kabla ya shahidi yeyote kusikilizwa. Wazee wetu walisema vita, na vita huwa kati ya pande mbili. Mwalimu akitafsiri "waasi" pasipo kueleza, mwanafunzi wa Kilwa atajifunza kumtaja babu yake kwa ulimi wa aliyemnyonga.

La pili ni gumu zaidi, kwa sababu limejificha. Kidachi cha majalada kimejaa maneno yetu: *Schauri*, *Boma*, *Akida*, *Jumbe*. Msomaji Mswahili hufurahi kuyaona, akadhani amefika kwao. Sivyo. Shauri kwetu ni jambo lizungumzwalo, au nasaha apewayo mtu. Katika Kidachi cha koloni *Schauri* ni baraza ambapo mkubwa wa wilaya hutoa hukumu. Neno ni letu, maana si yetu tena. Kadhalika Hongo, jina la pepo aliyesemwa kuwa alimpanda Kinjikitile wa Ngarambe, kwa mtu wa mjini ni rushwa au ushuru wa njia. Hapa kamusi haitoshi. Yapasa mtu ajue nani alisema, kwa lugha gani, na nani alimfasiria.

La tatu ni hesabu. Upande wa serikali, waliokufa wahesabiwa mmoja mmoja: Wazungu 15, na Waafrika waliopigana chini yao 389. Upande wa pili serikali ilitaja 75,000, nambari iliyokatwa vizuri kama ya magunia. Gwassa, akizingatia njaa iliyofuata kuchomwa kwa vyakula, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi aulizwe si nambari ipi ni sahihi tu, bali kwa nini jalada laweza kuhesabu watu 15 lakini haliwezi kuwahesabu wengine.

Wako wasemao kwamba hati ijisemee yenyewe. Hakuna hati ijisemeayo. Yasema kwa karani wake. Nyingi ya hizi, tena, zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wadachi wengi wa leo hawausomi. Kwa hiyo picha zilizomo katika intaneti hazijawa mali ya shule zetu mpaka zipate mfasiri.

Kazi hiyo ni ya wanalugha kabla ya kuwa ya wanahistoria. Zichaguliwe hati chache, zifasiriwe kwa Kiswahili pamoja na maelezo ya kila neno lenye hila, kisha ziwekwe kando ya maneno ya wazee ya 1968, na kando ya Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957 na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Naye mtunzi huyo aliviona vita kutoka pwani, basi apimwe vilevile. Mwanafunzi akisikia sauti tatu zikipingana juu ya jambo moja, ndipo atakapoanza kusoma historia. Akisikia ya Berlin peke yake, atakuwa amesoma barua ya serikali tu.