Uzito wa Pamba, Uzito wa Neno

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Bariadi nzima huzungumza habari ya uzito. Mkulima anapeleka pamba yake ushirika (neno linalonichekesha kidogo, maana lilizaliwa dhana tupu, leo lina bati, mlango na kufuli). Karani akitaja kilo, kelele hukatika. Jioni ya siku hiyohiyo, kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, namhala mmoja, yaani mzee kwa Kisukuma, anakohoa, anasema sentensi mbili, ugomvi unakwisha. Neno la mzee lina uzito, watu wanasema. Mizani haikuletwa.

Fundi aliyeliunda neno uzito hakutumia mali nyingi. Alichukua -zito, akaitangulizia u, akaondoka zake. Hivyohivyo rafiki akazaa urafiki, na jamaa akazaa ujamaa, ambao Azimio la Arusha la 1967 liliutwika nchi nzima.

Kisukuma, lugha ya hapa Bariadi, kina nidhamu kutuzidi. Ntemi, yaani chifu, ana butemi, namhala ana bunamhala, lakini ulimi wa mdomoni ni lulimi. Bu- na lu- ni mazizi mawili. Kiswahili kiliangusha b na l njiani, ikabaki u peke yake, na sasa ukuta, ulimi, upendo na uchawi vinalala zizi moja.

Wajapani nao wana mazizi mawili, ila wao hupachika mkiani. Omoi ni -zito. Omosa ni uzito unaopimika, ule wa karani. Omomi ni uzito unaohisiwa, ule wa namhala. Kisima kina fukasa, kina cha mita kadhaa. Hadithi ina fukami. Hiyo -sa hukubali karibu kila sifa, lakini -mi huchagua, na sifa zinazoipokea ni chache. Nilipojifunza hili niliona wivu: mtu anasema neno moja, msikilizaji anajua ni mizani ipi.

  

Wivu wangu ulipungua siku niliposimama kando ya mizani. Pamba yetu huvunwa kwa mkono, kitumba kwa kitumba, juani, mgongo umeinama. Kwa mama aliyeileta, kilo zile na siku zile za kuinama havitenganiki. Ningekuwa Mjapani ningelazimika kuchagua mkia. Kiswahili kilimwachia vyote ndani ya u moja, kikamwachia na msikilizaji kazi ya kupima.

Karani akaandika 43. Mama akaisoma namba, akapeleka mkono nyuma, akaushika mgongo.