Fundi wa Rejeta

Apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa HiAce ya zamani ameketi juu ya moto, ajue asijue. Injini ya gari hilo imewekwa chini ya viti vya mbele, pahali ambapo upepo wa safari hauifikii vyema. Njia ni mpando na kona mpaka Soni, na baada ya Soni ni mpando tena. Abiria aghalabu wamezidi viti. Walakini magari ya aina hiyo, ambayo Toyota ilianza kuyaunda mwaka 1967, yamepanda milima yetu yakafika, na sifa ya kufika hupewa dereva, ilhali fungu kubwa la sifa hiyo ni haki ya fundi wa rejeta, ambaye abiria hawamjui kwa jina wala kwa sura.

Nimepata kumtazama mmoja wa mafundi hao mjini Tanga, mzee mpole wa maneno machache. Aliletewa rejeta ya shaba iliyoota ukungu wa kijani penye maungio. Aliiziba midomo, akaitumbukiza katika pipa la maji, akaitia upepo kwa pampu ya baiskeli, kisha akanyamaza akingoja mapovu. Yakapanda pahali pawili. Mwenye pupa angalichukua lehemu papo hapo, akaziba tundu mbili zile na kudai ujira wake. Yeye alizipasha moto pande zote mbili mpaka lehemu ya zamani ikalainika, akaving'oa vichwa vya rejeta, na hapo ikadhihiri kwamba nusu ya mirija imezibwa na kutu na chokaa, vimegandamana kama ukoko wa chungu. Akatwaa ubapa mwembamba wa chuma, akaupitisha katika mrija mmoja baada ya mwingine, bila ya kuruka hata mmoja, mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili. Ndipo alipoisugua shaba ikang'aa, akaipaka asidi kwa unyoya wa kuku, akaiacha lehemu itiririke yenyewe mahali ilipotakiwa.

Kazi ilipokwisha alimwuliza mwenye gari maji yake huyateka wapi. Swali hilo silisikii tena katika gereji zetu. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa, na yakipata moto siku baada ya siku huacha masalio yao ndani ya mirija. Maji ya mvua, ambayo wazee wetu waliyakinga katika mabirika kwa kunywa na kutawadha, hayana dhara hiyo. Fundi yule aliweka maji ya mvua, akayachanganya na dawa ya kuzuia kutu, wala hakuliruhusu gari kutoka kwake na maji matupu.

Kilichomkasirisha, naye hakuwa mtu wa hasira, ni habari ya thamostati. Ndani ya kitu hicho kidogo mna nta, ambayo ikipata joto la nyuzi 82 hivi huvimba na kuusukuma mlango, maji yakaenda kwenye rejeta kupoa. Gari likichemsha, fundi asiye na subira huing'oa akaitupa, akidhani ameondoa kizuizi. Kumbe injini isiyofikia joto lake hupoteza mafuta na kulika upesi, na katika injini nyingine maji huzunguka kwa njia ya mkato bila ya kupita vya kutosha katika rejeta, maradhi yakazidi kwa dawa yake. Kadhalika kifuniko: kazi yake ni kubana kwa nguvu ya kama kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba, hata maji yakastahimili joto la karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 95 tu. Seuze mtu aliyefunga rejeta yake kwa kitambaa akauelekea mlima ule!

Rejeta za sasa ni za alumini, na vichwa vyake ni vya plastiki. Hazikubali lehemu ya mzee yule, na plastiki ikipasuka hupakwa gundi, nayo gundi ikiachia rejeta nzima hutupwa. Zile za shaba hununuliwa kwa kilo na wachuuzi wa vyuma chakavu, pamoja na vichwa vya silinda vilivyopasuka kwa kuwa mtu aliimwagia maji baridi injini inayotokota badala ya kuingoja ipoe. Vijana waliokuwa wakijifunza kwa mzee yule wameacha, na siwalaumu wao. Walioifukuza kazi ile ni sisi wenye magari, ambao kila mmoja wetu huleta gari asubuhi na kulitaka kabla ya adhuhuri, ilhali mirija haizibuliwi kwa asubuhi moja.