Swali Bovu ni Lipi?

Mwaka 2001 jarida la Intelligence lilichapisha makala ya Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, hapa tu ng'ambo ya barabara ya Thika ukiwa Wendani. Walipima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 huko karibu na Kisumu. Mtihani mmoja ulikuwa wa dawa za mitishamba: mtoto anaumwa hivi, utampa dawa gani? Mingine ilikuwa ile tunayoijua: msamiati, Kiingereza, hesabu.

Waliojua dawa hawakuongoza kwingine. Kwenye msamiati wa Kiingereza ndio walielekea kushika mkia.

Sasa hapa ndipo penye moto. Watunga mitihani hulikagua kila swali kwa kulilinganisha na jumla ya alama. Wakilipata wale wanaopata mengine, swali ni zuri. Wakilipata wanaofeli mengine, linaitwa bovu na kutupwa. Hata modeli ya Georg Rasch wa Denmark, ya mwaka 1960, inaanza kwa kukubali kwamba maswali yote yanapima kitu kimoja. Basi changanya dawa na Kiingereza kwenye karatasi moja, Kiingereza kikiwa kingi: maswali ya dawa ndiyo yatakayotupwa. Programu haitakuambia umepoteza nini. Itakuambia tu kwamba mtihani sasa unaaminika zaidi. Ebo!

Sternberg na wenzake waliipa dawa karatasi yake, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Lakini watoto 85 wa sehemu moja ni wachache. Na hoja kwamba familia huchagua kati ya shule na maarifa ya nyumbani inaingia akilini, ila uwiano wa alama pekee hauwezi kuithibitisha. Wapo watakaosema kujua dawa ni maarifa tu, si akili. Sawa, lakini msamiati wa Kiingereza nao ni nini?

Mwaka huohuo Elena Grigorenko, aliyeshiriki makala hii, alitoa na wenzake nyingine kuhusu Waluo wanavyoielewa akili. Walikuta maneno manne: rieko, luoro, paro na winjo. Rieko ndilo lililo karibu na ujuzi wa shuleni. Luoro ni heshima, na bado najiuliza swali la luoro lingeandikwaje, lenye majibu A hadi D.