Pongezi kwa Wachora Ramani wa Vumbini

Katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ramani ya kwanza mara nyingi huchorwa chini, kwa kijiti, majivu na mawe, wenyeji wakiwa wameizunguka. Mmoja anaweka kisima, mwingine anasogeza njia ya mifugo, bibi mmoja anakataa mpaka wa msitu hadi wasikilizane. Kazi hii inastahili pongezi kwa sababu moja kubwa: ramani ya pamoja inabeba ujuzi ambao mgeni hana. Historia ya Nachingwea ni ushahidi wa hilo. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulikagua ardhi ya Tanganyika, kwa sehemu kubwa kutoka angani, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kufikia 1951 ulikuwa umeachwa, baada ya mamilioni ya pauni kupotea.

Wapo wasemao mchoro wa vumbini hauna vipimo. Ni kweli, ndiyo maana wapimaji hufuata baadaye na vifaa vyao; lakini kifaa hakijui mto upi hukauka Septemba. Wengine huhofia wenye sauti kubwa kuwameza wanyonge. Hofu hiyo ni nzito zaidi, na dawa yake ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao ndio huidhinisha mpango. Basi siku mkutano huo ukiitishwa kijijini kwako, nenda, na umpeleke mama pia.